Kitanda Kilichosema Karibu

1

Timu ya Kihonda ilikuwa na ugonjwa usio na dawa katika hospitali yoyote: adabu.

Mchezo wenyewe, Kuta Nne, ni mchezo wa uvamizi, na raha yake yote iko hapo. Unavaa miwani, inakipima chumba chako kona kwa kona mpaka ndoo ya nyuma ya mlango. Inavipima na vya wenzako, na vya wapinzani wenu walioko mkoa mwingine, kisha inavishona vyote vikawa jumba moja refu lisilo na mwenyewe. Humo mnawindana, wanne kwa wanne. Kila timu imeficha taa yake katika chumba kimoja cha kwao. Ukiiba taa ya wenzako ukaifikisha kwenu, mchezo umekwisha, vueni miwani mkafue nguo.

Sasa, mwizi gani anabisha hodi?

Wa Kihonda walibisha. Hawakutaka, ulimi tu ulikuwa unawatangulia. Mtu amenyata korido nzima, amefika chumbani kwa binti wa Lindi, bado hatua moja aishike taa, lakini akiona kanga imetandazwa juu ya kitanda cha watu, mdomo unafunguka wenyewe: hodi. Na aliyejificha nyuma ya kabati anaitikia kwa kumkamata. Ukikamatwa unazimwa sauti, unasimamishwa pembeni kama mtoro aliyerudishwa shule. Msimu mzima walichekwa. Nahodha wao Gwakisa, kijana wa Tukuyu aliyechukulia kila jambo kama mtihani wa taifa, akaamuru wote wacheze wameshika maji mdomoni. Ikasaidia mechi mbili. Ya tatu Sikudhani akacheka, maji yakapita njia isiyo yao, akakohoa mpaka mama yake akamvua miwani akampiga mgongo, na taa ikaenda.

Sikudhani huyu ndiye mwenye kisa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, amekaa nyumbani akisubiri maisha yaanze, na maisha nayo yalikuwa yanamsubiri yeye. Hakuwa mkimbiaji, hakuwa mlengaji. Kazi yake katika timu ilikuwa mdomo. Mpinzani akimkaribia, Sikudhani humwambia kwa sauti ya huruma kwamba suruali yake imechanika nyuma, au kwamba mama yake anamwita. Kuna kijana wa Tanga aliambiwa anaunguza maharage. Akavua miwani, akakimbilia jikoni, akakuta jiko baridi na hakuna hata maharage. Habari ile ilizunguka ligi nzima. Tangu hapo kila timu iliwafundisha wachezaji wake: yule binti anayevaa umbo la mwanasesere mchezoni akifungua mdomo, zibeni masikio.

Fainali ilikuwa Jumamosi mchana, dhidi ya Kondoa. Miwani yote minne ya Kihonda ilikuwa ya kuazima kutoka kwa mwenye kibanda cha michezo, na mwenyewe alishasema neno lake: mkishinda bakini nayo, mkishindwa ikifika jioni iwe mezani kwangu. Gwakisa alilirudia neno hilo asubuhi hiyo kwa kila mchezaji, mmoja mmoja, kama daktari anayetoa majibu.

2

Taa ya Kondoa haikuwa imewahi kuibiwa. Timu zote zilikuwa zimepekua vyumba vyao vinne, chini ya godoro mpaka ndani ya sufuria, zikatoka mikono mitupu. Sikudhani aliijua siri hiyo dakika za mwisho za mchezo, alipokuwa anamkimbia mtu. Alikata kona nyuma ya kabati la chumba cha nahodha wa Kondoa, akitimua mbio palepale juu ya mkeka wa mama yake kule Kihonda, akaona mlango ambao haukupaswa kuwepo. Chumba cha tano.

Akaelewa. Mtu alikuwa amechukua miwani ya pili, kuukuu, akaitundika kwenye msumari katika chumba kingine cha nyumba yake, na mchezo ukakihesabu kama uwanja. Ujanja wa haki ya Mungu. Sikudhani aliuonea wivu.

Kilikuwa chumba kidogo chenye kitanda cha mbao, chandarua kilichofungwa fundo, chupa ya chai, kigoda na bakora iliyoegemezwa ukutani. Kitandani hapakuwa na mtu. Hilo halikumshangaza: Kuta Nne hufuta kila kiumbe hai katika vyumba inavyopima, watu na kuku wao, ili mtu asichunguliwe kwake. Vitu hubaki, wenye vitu huondolewa. Kilichomshangaza ni chandarua. Kilikuwa kinatikisika kidogo, kama kimeguswa sasa hivi.

Taa ilikuwa chini ya uvungu, nyuma ya beseni. Sikudhani akainama. Na kwa kuwa pale palikuwa chumbani kwa mtu, na mtu huyo kwa kila dalili alikuwa mkubwa, mdomo ukafanya kazi yake.

"Hodi."

Akajiuma ulimi. Akasubiri kukamatwa.

"Karibu," kitanda kikasema.

Ilikuwa sauti ya bibi kizee, nyembamba, yenye furaha ya mtu aliyesubiri kulitamka neno hilo kwa wiki kadhaa. Sikudhani alisimama palepale, nywele zimemsimama ndani ya mkanda wa miwani. Kisha akili ikampata. Miwani ile ya msumarini ilikuwa na spika zake na maiki yake. Hodi yake ilikuwa imetoka Kihonda ikasikika ukutani kwa mtu Kondoa, na mwenye chumba ameitikia kama binadamu yeyote aliyelelewa.

"Pita mwanangu, usisimame mlangoni," kitanda kikaendelea. "Ngoja nikupe pa kukaa."

Chandarua kikafunuka. Sikudhani akataka kusema bibi usiamke, lakini kabla hajafungua mdomo ndala mbili za bluu zilizokuwa chini ya kitanda zikasogea zenyewe. Moja ikatangulia, nyingine ikafuata, zikielekea kwenye kigoda. Kigoda kikainuka kidogo. Halafu ndala ya kushoto ikateleza, kigoda kikaruka upande, bakora ikabingirika hadi mlangoni, na ndala ya kulia ikabaki imelala ubavu.

"Bibi?"

"Nimekaa," ikasema sauti, sasa kutoka sakafuni.

"Umekaa au umeanguka?"

"Nimekaa bila kupanga."

Sikudhani akamwomba ajaribu kuinuka. Shuka likavutwa kutoka kitandani, likakazana, likaachiwa. Ikatoka pumzi ya kukatika, ile ambayo wazee huificha kwa kukohoa.

"Mguu upo," akasema bibi. "Ila umeangalia kwa jirani."

Katika sikio lake lingine Gwakisa alikuwa anauliza kwa nini mtu aliyeshika taa amesimama. Ndiyo, alikuwa ameshaishika. Mkono uliifanya kazi hiyo wenyewe wakati macho yakitazama ndala.

3

Mwamuzi wa Kuta Nne si mtu, ni programu, na huitwa kwa kunyoosha mkono. Sikudhani akanyoosha. Akaeleza haraka kwamba katika chumba hiki kuna mtu ameanguka, ni mzee, apigiwe simu mtu wa nyumba hii. Mwamuzi akakikagua chumba kwa adabu zote.

"Hakuna mtu katika chumba hiki," akasema. "Endelea na mchezo."

Bila shaka hakumwona. Alikuwa amemfuta mwenyewe.

Akamgeukia bibi. Alijitambulisha, akaambiwa yule ni Bi Mwantumu, na kwamba mjukuu wake Swedi yumo chumba cha mbele, kuta mbili tu kutoka hapo. Basi mwite, akasema Sikudhani. Piga kelele.

Bibi akakataa. Alieleza taratibu, akipumzika katikati, kwamba leo Swedi ana jambo lake kubwa la kwenye miwani. Amelisubiri mwaka mzima. Alimwomba bibi yake kitu kimoja tu: siku hiyo, saa hiyo, asimwite. Naye aliapa. Lile dude la ukutani Swedi alilitundika wiki iliyopita akasema linahesabu mbu.

"Na wewe usimwite," akamalizia. "Mume wangu yule hajawahi kushinda kitu. Mwache ashinde. Mimi nimekaa."

Hapo ndipo shetani alipovuta kigoda akaketi. Maana njia ya kurudi Kihonda ilikuwa wazi. Wenzake walikuwa wamewavuta wapinzani upande wa pili, na Gwakisa alikuwa anaimba sikioni mwake: kimbia, kimbia, kimbia. Angefika nyumbani na taa kabla muda haujakwisha. Miwani ingebaki. Kihonda isingechekwa tena. Kisha ndipo angemtafuta huyo Swedi amwambie. Dakika chache zina nini? Bibi mwenyewe kaomba.

Lakini taa ikifika nyumbani uwanja hufungwa papo hapo, na majina ya wapinzani hufungwa nao. Ndiyo sheria, ili walioshindwa wasiwafuate walioshinda wakawatukana. Asingejua Swedi ni nani wala yuko mtaa gani. Swedi angevua miwani ameshindwa, na kijana aliyeshindwa fainali hakimbilii kumsalimu bibi. Hutoka nje akapiga teke kitu. Anaweza kurudi magharibi. Na aliyemwamsha bibi kitandani ni nani? Aliyebisha hodi ni nani?

"Bibi," akasema, "bado upo?"

"Nipo." Lakini neno lilichelewa kufika.

Sikudhani akaiinua taa juu ya kichwa. Taa ya Kuta Nne ukiiinua hivyo hung'aa kupitia kuta zote, kila mtu uwanjani akajua uliko. Ni kitu kinachofanywa na wajinga, au na washindi wanaotamba. Gwakisa sikioni akatoa sauti ya mtu aliyemwagiwa chai.

4

Swedi alikuja na umbo la jitu lenye mabega ya kabati. Alisimama mlangoni mikono imetanuliwa, akamtambua, na jitu likacheka.

"Wewe si yule wa maharage?"

"Sikiliza. Bibi yako ameanguka. Yuko hapa chini, mguu umevunjika. Vua miwani uje."

"Maharage yameungua lini tena?"

Alimwambia hafanyi utani. Swedi akasema ameshaonywa juu yake, na kwamba kwa kweli alitegemea kitu kipya zaidi kwenye fainali. Akapiga hatua. Akimgusa tu, sauti yake ingezimwa na hakuna ambaye angejua. Sikudhani akarudi nyuma hadi ukutani, na ukuta huo Kihonda ulikuwa kabati la vyombo, vikombe vikalia.

Akamwomba bibi aseme kitu. Bibi akanyamaza. Ameapa, na sasa amesikia sauti ya mume wake chumbani. Basi akakaza meno yake machache pale sakafuni, akanyamaza kama kaburi ili mjukuu asiharibikiwe.

Sikudhani hakuwahi kukosa neno tangu aanze kusema. Siku hiyo alikuwa nayo mengi na hakuna lililoaminika, kwa sababu yote yalikuwa yametoka mdomo uleule. Mkono wa jitu ukafika karibu na bega lake.

"Ulimwambia dude hili linahesabu mbu," akasema, taratibu, bila kupamba. "Ukamwapisha asikuite. Anakuita mume wangu. Anasema hujawahi kushinda kitu, kwa hiyo nikuache ushinde."

Mkono ukasimama hewani.

Halafu jitu lote likalegea, kichwa kikaanguka kifuani, kama linavyofanya umbo ambalo mwenyewe ametoka. Na katika chumba cha tano mlango wa kweli ukagonga ukuta. Shuka likaruka, beseni likasukumwa, kigoda kikaondolewa njiani, na sauti ya kijana, nyembamba kuliko ya jitu, ikawa inasema bibi, bibi, bibi, kwa nini hukuniita.

"Uliniambia nisikuite," akasema Bi Mwantumu.

Swedi akamwekea mto chini ya kichwa; Sikudhani aliuona mto ukishuka wenyewe. Kisha sauti ikasogea karibu na msumari, mpaka ikajaa sikioni.

"Dada. Upo?"

"Nipo."

Alimweleza mbio mbio. Jirani ana bajaji, nyumba ya nne, anamfuata. Simu anaiacha hapo, kwa sababu miwani ya ukutani inakula mtandao wa simu hiyo. Akiondoka nayo, sauti inakatika.

"Usikimbie na hiyo taa, nakuomba," akasema. "Ukifunga mchezo atabaki peke yake. Ongea naye. Akinyamaza ananitisha."

Mlango ukapigwa tena, na nyayo zikapotea.

5

Basi akaongea. Alimuuliza bibi kama huyo mume anamtunza au ni wa kupamba nyumba tu. Bibi akasema anamtunza ila hajui kupika, uji wake unaweza kuzibia bati linalovuja. Sikudhani akasema wanaume wa sasa wote mafundi. Bibi akacheka, akaumia, akamtukana kidogo kwa kumchekesha, na tusi hilo lilikuwa zuri kulisikia.

Wakati huo Gwakisa aliingia. Umbo lake ni mwalimu mkuu mwenye tai, na hasira yake ilikuwa inafaa vazi. Alisema hataki maelezo, anataka taa, ataipeleka mwenyewe. Akaunyoosha mkono.

"Na huyu nani?" ikauliza sakafu.

Mwalimu mkuu akageuka. Akatazama kitanda, ndala, mto uliobonyea katikati bila kichwa. Yule aliyewashikisha watu maji mdomoni mechi tatu ili wasiwe na adabu uwanjani, tai ikamlegea.

"Shikamoo bibi," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Kwenu hawajambo?"

Hawajambo, akasema Gwakisa, na mkono ukashuka bila taa. Akaulizwa kwao ni wapi. Akaulizwa mvua. Akaulizwa kama ameoa, akajibu hapana kwa sauti ambayo Sikudhani hakuwahi kuisikia.

Wawili wa Kondoa wakaingia kwa kishindo na kelele, mmoja umbo la askari, mwingine kuku wa rangi ya dhahabu. Sikudhani akawaambia wasiguse mtu, na kabla hawajamcheka, bibi akawaita kwa majina yao halisi. Aliwajua kwa sauti tangu wanakojoa kitandani, na akalisema hilo mbele ya wageni. Kuku wa dhahabu akainamisha shingo. Aliuliza Swedi yuko wapi, akaambiwa. Wote wanne wakasimama wakiuzunguka mto.

"Muda," akasema Gwakisa.

Juu ya mlango namba nyekundu zilikuwa zinaisha. Muda ukiisha uwanja hufungwa hata kama taa haijafika popote. Nyayo za Swedi hazijarudi.

Aliyewaza ni kuku. Kuna kifungu katika sheria za Kuta Nne kilichowekwa ili fainali zisiishe kwa watu kujificha: dakika ya mwisho, kila taa inapobadilisha timu, mchezo huongezewa dakika nyingine. Kuku akanyoosha bawa lake la dhahabu.

"Nipe," akasema. "Halafu nitakupa."

Sikudhani akampa taa. Namba zikaruka juu. Wakamwacha bibi aseme habari za uji, mpaka namba zikawa nyekundu tena, na kuku akampa Gwakisa. Gwakisa akampa askari. Wakaipokezana hivyo, kwa mikono miwili, kama watu wanaosogeza sinia bila kutaka kumwaga mchuzi. Bibi akauliza wanapeana nini muda wote huo. Taa, akajibiwa. Akasema mchana huu wote, taa ya nini?

Mwamuzi akatokea. Akasema kupanga matokeo ni kosa, na taa ikipokezwa tena bila kugombaniwa, timu zote mbili zitafutwa katika ligi.

Taa ilikuwa mkononi mwa askari, namba zinashuka. Sikudhani alimtazama nahodha wake, mwalimu mkuu wa mtihani wa taifa. Gwakisa alikuwa akimweleza bibi jinsi ndizi zinavyopikwa Tukuyu. Bila kukatisha sentensi, akanyoosha mikono miwili akapokea.

Mlio ukapigwa. Majina ya timu mbili yakafutika juu ya mlango. Lakini taa ilikuwa imebadilisha timu, na namba zikaongezeka.

Wakaendelea.

Walikuwa bado wanaendelea bajaji ilipolia nje, na chumba kikajaa sauti za watu wasioonekana wakishauriana namna ya kubeba. Shuka likainuka limekazwa pembe zote, likabonyea katikati kwa uzito, likaelea kuelekea mlangoni. Bi Mwantumu akasema simamisheni kidogo. Shuka likasimama.

"Wageni," akasema, "nisameheni. Mmekuja kwangu na hata maji sijawapa."

Walimwambia hapana bibi, wote kwa mpigo, timu zote mbili. Shuka likatoka. Ndala zikabaki. Mtu akaikumbuka simu, akaichukua, na chumba cha tano kikazimika kama macho yanavyofumba.

Jioni Sikudhani na Gwakisa walikuwa njiani kwenda kibandani, miwani minne ndani ya mfuko wa unga. Wenzao wawili walikuwa wameshatangaza kwamba hawaongei nao. Gwakisa alitembea hadi kwenye duka la kona, akasimama.

Hawakujua mtaa, hawakujua hospitali, walijua mji na majina mawili. Basi la Kondoa linaondoka alfajiri. Kwao Tukuyu, akasema Gwakisa, mgonjwa wa mfupa hupelekewa kitu cha mchuzi, lakini mchuzi hausafiri.

"Sukari," akasema Sikudhani.

"Kilo ngapi?"

Alifikiri. Kwa mara ya kwanza siku hiyo mdomo wake ulisubiri kichwa kimalize.

"Mbili," akasema. "Moja kwa kumwangusha, moja ya kumjulia hali."